Kwapa la Shangazi, Kifaa Namba Saba

Shangazi yangu alizaliwa na joto. Sisemi homa, wala sisemi hasira, ingawa hiyo ya pili anayo ya kutosha na ya kugawa. Nasema joto la kawaida la mwili, lile ambalo mimi na wewe tulipimiwa kwa kijiko na yeye akamiminiwa kwa ndoo. Katika nyumba aliyokulia na baba yangu, watoto walilala wote chumba kimoja, na kila baridi ilipoingia waligombania nani alale ubavuni mwake. Baba anasema walihongana mpaka zamu za kusugua sufuria. Wakamwita Jiko, na jina likamganda hadi leo. Alipoolewa, watu walimwambia mumewe amepata jiko, kama wanavyomwambia kila bwana harusi, na yule bwana, Mungu amrehemu, akawa anajibu, "Tena mkaa sinunui."

Nayasema haya mapema ili baadaye mtu asiniulize kwapa liliingiaje kwenye sayansi.

Mimi nakaa mapokezi kwenye jengo la maabara. Kazi yangu ni simu, wageni, na kuwaambia watu wasiegemee kioo. Shangazi alipofiwa na mumewe akawa anashinda nyumbani akigombana na redio, nikamwombea kazi ya kuosha vyombo ghorofa ya juu, wakampokea. Kwa hiyo upuuzi wote ninaousimulia hapa uliingia kwa mlango wa mbele, na niliyeufungua ni mimi, nikiwa na beji kifuani.

Mkuu wa maabara ni mtu baridi. Hilo si tusi, ni kipimo. Lilipimwa, na tutafika huko. Ukimpa mkono asubuhi unaurudisha ukiwa umepoa mpaka kwenye kiwiko. Hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Anacho kitu kimoja anachokipenda, nacho hakionekani kwa macho: vifuko. Kila mgeni aliyepita mezani kwangu alielezwa habari za vifuko akiwa bado anaandika jina lake, ndiyo maana nami nazijua kwa moyo.

"Seli ni nyumba yenye watu," Mkuu alikuwa akisema. "Haimfungulii kila mpita njia. Molekuli ya dawa ukiituma peke yake inatafunwa njiani kabla haijafika. Sasa sisi tunaipakia kwenye kifuko."

Kifuko chenyewe kinatokana na polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ambayo ncha moja inapenda maji na nyingine inayakimbia. Ukiitia majini, zile ncha zinazokimbia zinajificha pamoja, zile zinazopenda zinabaki nje, na bila kushonwa na mtu yeyote kinatokea kifuko kidogo kuliko vumbi, kina ukuta wake na nafasi ndani. Seli inakimeza kama inavyomeza chakula. Inabaki kazi moja tu: kikishaingia, kifunguke. Vifuko vya Mkuu viliundwa ili vifunguke kwa joto la mwili. Kwenye baridi vinafunga mdomo. Vikipata joto, ukuta unalegea na mzigo unamwagika ndani ya seli.

Kwa majaribio hawakupakia dawa, walipakia rangi. Kifuko kikifunguka, seli inang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Kisipofunguka, ni giza. Na ilikuwa giza. Waliviweka na seli kwenye kabati la joto, lililotegwa sawasawa na joto la binadamu, wakachungulia: giza. Wakabadilisha polima: giza. Ikafika mahali Mkuu akawa anaisemesha darubini kwa sauti ya kubembeleza, na wasaidizi wake wakajifunza kupita kando ya ukuta.

Hapo ndipo mama yangu alipopiga simu.

Mama yangu na Shangazi ni mawifi, na kati yao kuna jambo moja tu, la tangu Dada azaliwe. Dada ni mtoto pekee wa Shangazi. Ni binamu yangu, lakini tumekua pamoja na dada ndilo jina ninalomwita. Siku aliyozaliwa, Shangazi alikuwa mahututi, hajitambui, na mtu wa kwanza kumshika yule mtoto akawa mama yangu. Shangazi alikuja kumpakata mwanawe wiki nzima ikiwa imeshapita. Mtu mwenye joto lile, halafu mwanawe anapashwa na mwingine! Lilimkaa kooni. Na mama yangu, ambaye nampenda lakini mdomo wake hauna kufuli, hakuacha kumkumbusha.

Siku hiyo kabati la joto lilikuwa limekufa, na Shangazi alikuwa ametumwa kupeleka kichupa chenye seli na vifuko kutoka chumba kimoja hadi kingine. Simu ikalia. Akakibana kichupa kwapani ili apate mikono miwili, maana kugombana na wifi kwa mkono mmoja haiwezekani, akasimama pale kwenye korido akajibu mapigo. "Mimi ndiye niliyemshika wa kwanza" ilisemwa. Najua ilisemwa, kwa sababu jibu la Shangazi lilishuka ngazi mpaka mezani kwangu. Alipomaliza alikuwa hakumbuki kama ana kichupa. Alikikumbuka alipoinua mkono kufuta jasho kikamdondokea tumboni. Akakidaka, akakipeleka kilikokuwa kinakwenda.

Baadaye Mkuu akatoka kwenye chumba cha darubini anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona anakimbia, anakimbia vibaya.

"Nani alikishika hiki?"

Seli zote zilikuwa kijani, hakuna hata moja iliyobaki nyuma. Shangazi akainua mkono kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Ulikifanya nini, mama?"

"Nilikibana tu."

"Wapi?"

Akamwonyesha.

"Na wakati huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nagombana na wifi yangu."

Mkuu akaandika yote mawili.

Sasa mwanasayansi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililofanya kazi mpaka ayajaribu. Akashuka mwenyewe mapokezi, akaniomba kwa heshima zote nimwambie mama yangu awe anapiga simu kila asubuhi kumkera Shangazi. Mama alikubali kabla sijamaliza kueleza. "Kama ni kwa ajili ya sayansi," akasema. Lakini ugomvi wa ratiba hauna utamu. Siku za mwanzo walichambana vizuri, kisha mama akawa anauliza, "Leo nianzie wapi?", mwisho wakawa wanaulizana habari za magoti, na seli zikaendelea kung'aa vilevile. Mkuu akahitimisha kwamba wifi hahusiki. Mama alinuna kwa muda. Likabaki kwapa.

Ikafuata siku ya makwapa. Wafanyakazi wote, kuanzia wasaidizi hadi mlinzi wa geti, walikaa kwenye ukumbi wa mikutano kila mmoja amebana kichupa chake, kimya, wakikwepana macho. Mimi nilipokea simu kwa bega la pili. Seli zangu zilipata kijani kidogo, cha kuonewa huruma. Za mtunza stoo zilibaki giza. Za mlinzi zilikufa zote, na akaombwa kwa upole asijaribu tena. Mkuu naye alibana cha kwake, muda mrefu kuliko sote, macho ameyafumba kama anaomba dua. Kilipowekwa chini ya taa kilikuwa kama kilivyotoka kwenye friji.

"Mimi ni baridi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo. Akabaki amekishika kile kichupa mkononi mpaka watu wakaondoka. Nilimwonea huruma, na mimi sina tabia ya kuwaonea huruma wakubwa wa kazi.

Hakuna aliyejua sababu. Kwenye kipimajoto, kabati na Shangazi walikuwa sawa. Msaidizi mmoja akasema labda joto la mtu linapanda na kushuka kidogo na pumzi, na vifuko vinataka kubembelezwa, havitaki kuchemshwa. Wakajenga kabati linalopumua. Lilipumua vizuri tu, mpaka ukipita karibu unaliamkia, lakini ndani ilikuwa giza.

Kisha wakaja wakaguzi. Wakaguzi wana akili ya aina yake. Walisoma matokeo, wakazunguka kukagua mali za maabara, wakasema matokeo haya yametoka kwenye kifaa ambacho hakijasajiliwa. Mkuu akaeleza kwamba ni kwapa. Wakasema hawana tatizo na kwapa, tatizo lao ni usajili. Basi mtunza stoo, mtu ambaye angesajili hata kivuli cha ngazi kama kingetulia mahali pamoja, akapanda juu na kibandiko, akakibandika kwenye mkono wa koti jeupe la Shangazi, karibu na bega: KIFAA NAMBA SABA. Namba sita ni friji.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimjua mtunza stoo, na utani hana.

Kuanzia hapo akawa na kiti chake chenye mito, na kibao cha kuvaa shingoni, kilekile kinachotundikwa kwenye darubini mtu anapokuwa nayo: KINATUMIKA. Akikivaa, haruhusiwi kusemeshwa. Akakatazwa marashi, pilipili na habari za kusikitisha. Fundi aliyekuja kukagua mizani na friji akamkagua na yeye. Akamtia kipimajoto, akampiga kofi dogo begani kama alivyolipiga friji, akaandika "kizima". Asubuhi wasaidizi wakipita mezani kwangu waliniuliza, "Kifaa kimefika?" Nami nikajibu kila mara, "Shangazi yangu amefika." Walidhani sijaelewa swali. Nilikuwa nachemka.

Mwenyewe hakujali. "Waache, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Maisha yangu yote watu wameota moto kwangu bure. Hawa angalau wamenipa kiti."

Alikuja kujali siku alipoomba likizo.

Dada alikuwa na mimba ya mapacha. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, na kwao anapita kama mgeni. Shangazi alikuwa amejiapiza jambo moja: wajukuu hao atawapakata yeye, wa kwanza, kabla ya mtu yeyote mwenye mdomo. Alichokikosa kwa mwanawe hatakikosa kwa wajukuu. Alilisema jikoni, akamwambia na mama yangu kwenye simu. Usiku wa kuamkia siku ya kuomba ruhusa alipiga pasi nguo zake zote nzuri, kana kwamba mtunza stoo ni balozi.

Mtunza stoo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Vifaa haviendi likizo," akasema. "Vinaenda matengenezo."

"Basi niandikie matengenezo."

"Umekaguliwa juzi, umeonekana mzima."

"Na kifaa kikifa?"

"Kinafutwa, kinapigwa mnada."

Shangazi akamtazama. "Hivi wewe, baba, ulizaliwa au ulinunuliwa?"

"Nimeazimwa kutoka idara nyingine," akajibu, na hakuwa anatania.

Akaenda kwa Mkuu. Mkuu si mtu mbaya. Alikuwa na wageni tu. Watu wanaousaidia utafiti kwa fedha walikuwa wanakuja kuona kwa macho yao, na bila kwapa hakuna cha kuona. "Wageni wakishaondoka, mama, nenda hata mwezi mzima," akamwambia. Daktari wa Dada alikuwa amesema mapacha bado wana muda. Shangazi akapiga hesabu, akaona inaingia, akakubali. Tatizo ni kwamba mapacha hawakushirikishwa.

Siku ya wageni mimi nilikuwa na mafua. Nayataja mafua kwa sababu yana kazi yake mbele. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa na kupambwa, na Shangazi amekaa mbele kabisa kwenye kiti chake, nyuma ya pazia fupi la heshima, kibao shingoni, kichupa kwapani. Mkuu alivaa tai. Nilimsikia kutoka chini akiwa ameshafika kwenye ncha zinazopenda maji, simu ikalia. Ilikuwa hospitali.

Muuguzi alizungumza haraka lakini kwa utulivu. Dada ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, amepasuliwa, yuko salama ila bado hajazinduka. Watoto wako hai wote wawili, wa kike na wa kiume. Ni wadogo sana na joto linawatoka, na mashine za kuwapashia joto watoto njiti zimejaa.

"Tunataka kifua," akasema. "Kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, sasa hivi. Kuna ndugu yeyote mwenye joto?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia, "Muuguzi, umepiga simu mahali penyewe."

Nikapanda ngazi napiga chafya. Nikaingia ukumbini katikati ya maelezo, nikapita mbele ya wageni, nikaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Msaidizi akaninong'oneza kwamba hairuhusiwi kumsemesha, akanionyesha kibao. Nikakigeuza kibao nyuma mbele.

"Shangazi, watoto wamekuja. Dada hajambo. Watoto wana baridi."

Alisimama, akalisukuma pazia, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, mkono mmoja umebana na mwingine umenishika mimi.

"Mama, muda haujafika!" Mkuu akasema. "Kichupa!"

"Kipo," Shangazi akajibu bila kugeuka. "Sikiachii."

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Getini mlinzi akasimama mbele yetu. Ni mtu mwema, ila tangu seli zake zife alikuwa anafuata sheria kwa uchungu, kama mtu anayejaribu kusafisha jina.

"Kifaa hakitoki bila hati ya geti, mama."

"Mimi ni bibi wa watoto."

Akafikiri. Unaona kabisa anatafuta njia, masikini. "Bibi wa watoto atoke," akasema. "Kifaa kibaki."

Shangazi akahamisha kichupa kutoka kwapa la kushoto hadi la kulia, nikamsaidia kuvua koti, akalivalisha kiti cha mlinzi na kile kibao juu yake. Kibandiko kikatazama barabarani.

"Haya. Kimebaki. Kilinde."

Mlinzi akalitazama koti, akatutazama sisi, akafungua geti. Nilipogeuka nyuma alikuwa amesimama wima kando ya kiti chake.

Hospitalini, muuguzi alinisikia napiga chafya nikiwa bado mlangoni, akanifungia nje, nyuma ya kioo chenye kijidirisha cha kusemea. Shangazi akanawa, akavua blauzi, akakaa. Muuguzi akamuuliza mbona ameubana mkono.

"Nina kazi hapo," Shangazi akasema.

Muuguzi wa wodi ile ameona mengi, hakuuliza tena. Akamlaza mtoto wa kike kifuani pake, uchi, na kofia tu kichwani, akawafunika wote wawili. Alikuwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kiatu cha baba yake. Rangi yake haikuwa nzuri. Nilimwona Shangazi akifumba macho, machozi yakimshuka bila yeye kutikisika, kwa sababu kifua kilikuwa kazini. Yule mtoto akakunja vidole, akakunjua. Muuguzi akampima, akasubiri, akampima tena, akaitikia kwa kichwa.

Nikampigia mama. "Shangazi amemshika mjukuu."

Akauliza, "Yeye wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Haya," mama akasema. "Ilikuwa haki yake." Halafu akaanza kulia, na mimi sikujua niangalie wapi.

Ila kulikuwa na wa pili. Alikuwa kwenye kitanda kidogo, amezungushiwa mablanketi na chupa za maji ya moto, na kila muuguzi alipompima alikunja uso. Shangazi akanyoosha mkono, aletewe na huyo.

"Hawaenei," muuguzi akasema. "Hata ukitoa hicho ulichobana. Kifua chenyewe, bibi, kiko wapi?"

Ni kweli. Nilisahau kusema kwamba Shangazi ni mwembamba kama mti wa fagio. Watu hawaamini mpaka wamwone. Muuguzi akageuka kunitazama mimi kupitia kioo. Nikapiga chafya. Niliichukia pua yangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtunza stoo.

Hapo akaingia Mkuu. Tai ilikuwa imehamia begani, mkono mmoja ana hati ya geti iliyokwisha kugongwa mhuri, mwingine ana ndoo ndogo ya barafu ya kupokelea kichupa.

"Nimekuja kuchukua..."

"Wewe ndiye babu?" muuguzi akamkatiza.

"Hapana, mimi ni Mkuu wa..."

"Mkuu wa familia, afadhali. Sabuni ile pale. Nawa mpaka kwenye viwiko, halafu vua shati."

"Hujanielewa. Mimi ni baridi. Imepimwa."

"Imepimwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa mtoto?"

"Kwa seli."

"Huyu ana seli nyingi," muuguzi akasema. "Vua shati."

Nilitegemea Shangazi aeleze kwamba huyu si ndugu. Hakueleza. Alimtazama Mkuu juu ya ile kofia ya mjukuu wake, na sijui miaka yote ile ya kugombaniwa ubavuni ilimfundisha nini, akasema tu, "Mkuu, yule mtoto ana baridi."

Mkuu akaitazama ndoo ya barafu mkononi mwake. Akaiweka chini. Akanawa, akavua tai, akavua shati, akalikunja vizuri juu ya hati ya geti. Akakaa kwenye kiti cha pili amenyooka kama anayepigwa picha ya pasipoti. Muuguzi akamlaza mtoto wa kiume kwenye zile mbavu, akawafunika. Mkuu akashika pumzi.

"Pumua," muuguzi akamwambia. "Anakusikiliza."

Akapumua. Mtoto akaguna. Mkuu akashtuka, akatazama huku na huku kama anayetafuta aliyeguna. Kisha akainamisha kichwa akaona kofia, na nikaona mabega yake yanalegea, kidogo kidogo, mpaka nikamwona ana shingo. Muuguzi akapima: bado chini. Akazunguka kwa watoto wengine, akarudi, akapima: bado. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya kijidirisha kwa mikono miwili. Sitadanganya, joto la mtoto yule lilipanda kwa uvivu kuliko la dada yake. Aliporudi tena muuguzi hakukunja uso. Na mara iliyofuata akasema, "Eeh," akaenda zake, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Muda wa kichupa ukafika. Kazini, muda ukifika, Mkuu huja mbio na barafu, na ole wake atakayesimama njiani. Shangazi akachomoa kichupa taratibu, akakinyoosha upande wa kiti cha pili.

"Mkuu. Muda umefika. Kichupa chako hiki."

Mkuu hakunyoosha mkono. Hakutazama hata.

"Kiweke popote," akanong'ona. "Na usipaze sauti, mama. Amelala."

Shangazi akakiweka dirishani, juani.

Simu yangu ikatetemeka. Alikuwa msaidizi. Wageni bado wako ukumbini, wanauliza Mkuu yuko wapi na onyesho litaendelea saa ngapi. Tena mlinzi anauliza kama anaruhusiwa kukalia kiti chake. Nikainuka, nikaegemea kioo, mimi ninayelipwa kuwakataza watu wasiegemee kioo, nikaweka mdomo kwenye kijidirisha.

"Mkuu, wageni wanakuuliza. Niwaambie nini?"

Alifikiri. Kiganja chake kizima kilikuwa kimefunika mgongo wa mtoto.

"Waambie ninatumika," akasema.